Kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta: faida ianzie kwenye nishati au kwenye masalio?

MpimaMatangi (Kigamboni)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Ninafanya kazi kwenye ghala moja la mafuta hapa Kigamboni, upande wa upimaji wa matangi, na chuoni nilisomea uhandisi wa kemikali. Kazini kwetu hatusafishi chochote: meli inashusha dizeli na petroli zilizokwisha kusafishwa ng'ambo, nasi tunapima, tunahifadhi na kupakia malori ya mikoani, Zambia na Kongo. Hata hivyo, mazungumzo ya wakati wa chai hurudi mara kwa mara kwenye kiwanda cha TIPER, kilichofunguliwa hapa mwaka 1966 na ambacho leo kimebaki kuwa ghala, na kwenye kile cha Mombasa kilichoacha kusafisha mafuta Septemba 2013. Kwa kuwa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, Tanga, wapo wenzangu wanaoamini kwamba tungeweza kujenga kiwanda kidogo, tuseme cha mapipa 20,000 kwa siku, na kukiendesha kwa ufanisi ambao vile vya zamani havikuwa nao.

Ubishi wetu uko hapa. Kundi la kwanza linasema viwanda vya zamani viliuawa na upotevu wa nishati na matengenezo duni, kwa hiyo anayedhibiti moto, mvuke na uvujaji atapata faida hata kama mtambo wake ni wa kawaida. Kundi la pili linasema hayo ni mambo ya pembeni: sehemu kubwa ya kila pipa ilikuwa ikitoka chini ya mnara wa kutenganishia mafuta kama masalio, yaani mafuta mazito, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya mafuta ghafi yenyewe, na hakuna usimamizi mzuri unaoweza kufuta hasara hiyo.

Ninaomba mwenye uzoefu atueleze ni lipi linalotangulia, na kama inawezekana atuwekee hesabu, japo ya mfano, ili tuache kubishana kwa hisia.

Tanuri la Zamani

Marahaba, kijana wangu. Nilianza uendeshaji wa mitambo hapo hapo Kigamboni na nikamalizia utumishi wangu katika nchi za Ghuba, kwa hiyo nitasema ya mitambo na kuwaachia wachumi ya kwao.

Kiwanda cha kusafisha mafuta ni mlaji mkubwa wa bidhaa yake mwenyewe. Kwa kawaida takribani asilimia 5 hadi 8 ya mafuta yanayoingia huishia kuchomwa humo humo ndani, kwenye matanuri na maboila, na tofauti kati ya kiwanda kinachotumia asilimia 5 na kinachotumia asilimia 8 ni pesa inayopita kwenye bomba la moshi bila mtu kuiona. Mafuta ghafi hupita kwanza kwenye msururu wa vibadilisha joto, ambamo bidhaa zinazoshuka kutoka mnarani zikiwa za moto huyagawia joto lake mafuta yanayoingia, kisha tanuri humalizia kuyafikisha nyuzi 350 au 370 hivi. Huwezi kuzidisha sana hapo, kwa sababu mafuta huanza kuvunjika na kuacha makaa ndani ya mirija. Kwa hiyo ukiniuliza tanuri linakula mafuta kiasi gani, nitakuuliza kwanza mafuta ghafi yanaliingia yakiwa na nyuzi ngapi, maana kila nyuzi iliyopotea kwenye vibadilisha joto italipiwa na tanuri.

Nyuzi hizo hupotea polepole, na hapo ndipo wengi hulala. Uchafu hujijenga ukutani mwa mirija kidogo kidogo, hakuna king'ora kinacholia, uzalishaji unaendelea kama kawaida, na tanuri linaongezewa moto bila mtu kuandika sababu. Kiwanda kinachojitambua huweka kumbukumbu ya kila kibadilisha joto, hukokotoa ni kiasi gani cha joto kinachopita leo ukilinganisha na siku kilipotoka kusafishwa, kisha huamua kwa hesabu ni kipi kisimamishwe na kusuguliwa na kipi kivumiliwe hadi matengenezo makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bodo Linnhoff alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba unaweza kujua kabla ya kuchora bomba hata moja kiwango cha chini kabisa cha joto ambacho mtambo utahitaji kutoka nje, na viwanda vingi vilivyopangwa upya kwa njia hiyo viligundua kwamba vilikuwa vikipasha na kupoza kitu kile kile.

Kwenye tanuri lenyewe, angalia mambo mawili: oksijeni iliyobaki kwenye moshi, ambayo kwa tanuri la gesi lililotunzwa inafaa iwe kama asilimia 2 hadi 3, na joto la moshi unapotoka. Kila nyuzi 20 hivi zinazozidi kwenye moshi hukuondolea karibu asilimia moja ya ufanisi. Lakini usimruhusu meneja anayependa takwimu nzuri abane hewa kupita kiasi, kwa kuwa tanuri lenye njaa ya hewa hukusanya gesi isiyoungua, na gesi hiyo ikipata hewa ghafla hulipuka.

Kisha kuna chumvi. Mafuta ghafi huja na maji ya chumvi kutoka ardhini, na yasipooshwa vizuri mwanzoni, kloridi za magnesiamu na kalsiamu huvunjika kwa joto na kutoa asidi ya haidrokloriki, ambayo hupanda hadi kileleni mwa mnara, hukutana na matone ya kwanza ya maji na kula chuma. Nimeona mnara ukisimamishwa nje ya ratiba kwa sababu ya kiondoa chumvi ambacho hakuna aliyekijali. Siku chache za kusimama namna hiyo hufuta akiba ya nishati ya mwaka mzima.

Jibu langu ni nishati na utunzaji kwanza, kwa sababu kazi hiyo haingoji mkopo wa benki.

HesabuYaPipa

Namheshimu Mzee Tanuri na sina neno la kupinga katika aliyoyaeleza kuhusu mitambo, lakini napinga hitimisho lake, au tuseme napinga lisomwe kama jibu la swali la faida. MpimaMatangi ameomba hesabu. Bei na gharama ninazotumia hapa nimeziweka kwa mfano tu, ila uwiano wake hauko mbali na hali halisi ya biashara hii.

Chukua kiwanda chenu cha mapipa 20,000 kwa siku, kinachochoma asilimia 6, yaani sawa na mapipa 1,200. Tuseme mmefuata mafundisho yote ya Mzee na mkapunguza matumizi hayo kwa moja ya tano. Mmeokoa mapipa 240 kwa siku. Kwa dola 70 kwa pipa hizo ni dola 16,800 kwa siku, na kwa siku 340 za kazi ni dola milioni 5.7 kwa mwaka. Si haba, na kama vibadilisha joto vipya na vipimo vimegharimu dola milioni 10, pesa imerudi kabla ya miaka miwili kuisha.

Sasa geukeni kwenye masalio. Mnara wa kawaida unaweza kuwaachia asilimia 40 chini, yaani mapipa 8,000. Mafuta mazito yakiuzwa dola 12 chini ya bei ya mafuta ghafi, na dizeli dola 15 juu yake, basi kila pipa la masalio mnaloligeuza kuwa dizeli linabeba tofauti ya dola 27. Toeni dola 10 za haidrojeni, kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko) na uendeshaji, zibaki 17. Mkigeuza nusu tu ya masalio, mapipa 4,000, mnapata dola 68,000 kwa siku, au milioni 23 kwa mwaka. Hizo ni mara nne ya akiba yote ya nishati. Kundi la pili limeshinda, sivyo?

Halijashinda. Mtambo wa kuvunja mafuta mazito, yaani kuyageuza kuwa mepesi, hauuzwi kwa kilo. Tukisema unagharimu dola milioni 400, pesa yenu itarudi baada ya miaka zaidi ya 17 kabla hata ya riba, na hakuna benki itakayowasikiliza. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria kwamba gharama ya mtambo hukua kwa kipeo cha 0.6 cha uwezo wake: ukiongeza uwezo mara kumi, gharama hupanda mara nne tu. Fanyeni kiwanda kile kile kiwe cha mapipa 200,000, mtambo wa kuvunja utagharimu milioni 1,600, utaingiza milioni 231 kwa mwaka, na pesa itarudi kwa miaka saba hivi. Ndiyo sababu Jamnagar kule India ina uwezo wa zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku, na Dangote alijenga cha mapipa 650,000 Lekki badala ya kujenga vidogo vitano.

Kwa hiyo makundi yenu yote mawili yanajibu swali la pili kabla ya la kwanza. Udogo wa kiwanda ndio unaowafungia mlango wa masalio, na kwa kuwa mlango huo umefungwa, akiba ya nishati inabaki kuwa ndiyo peke yake mnayoweza kuifikia. Ni akiba ya kweli, ila inamsaidia mwenye kiwanda kupoteza kidogo zaidi.

Nikumbushe pia jambo la Mombasa ambalo husahaulika. Kwa miaka mingi kile kiwanda kilisafisha kwa ujira: makampuni ya mafuta yalileta mafuta ghafi yao, yakalipa ada, yakachukua bidhaa. Katika mpango wa aina hiyo mafuta yanayochomwa tanurini ni ya mteja, na masalio yenye bei mbaya ni ya mteja. Hata angepatikana mhandisi mwenye bidii kama Mzee Tanuri, akiba yake isingeingia kwenye vitabu vya kiwanda. Utaratibu huo ulibadilishwa mwaka 2012, kiwanda kikaanza kununua mafuta ghafi chenyewe, na mwaka uliofuata kikasimama. Kabla ya kununua hata vali moja, amueni nani atamiliki pipa linapokuwa ndani ya uzio.

MpimaMatangi (Kigamboni)

Nawashukuru nyote. Hesabu ya kipeo cha 0.6 nimeipeleka kazini na imetuliza watu.

Hata hivyo, limezuka wazo jingine. Mwenzetu mmoja anasema kama masalio hayavunjiki kwa faida, basi yageuzwe kuwa lami, kwa sababu barabara zinajengwa kila mkoa na lami tunaiagiza nje. Mwingine anataka nafta, yaani sehemu nyepesi ya mafuta ambayo pia hutengenezewa petroli, isiuzwe bali ipelekwe kwenye mtambo wa kemikali za petroli, tutengeneze malighafi ya plastiki badala ya kuagiza chembechembe kutoka Uarabuni na Asia. Je, hayo hayawezi kukiokoa kiwanda kidogo?

Mkemia wa Sinza

Kaka MpimaMatangi, swali lako la lami linajibiwa na mafuta yenyewe kabla ya mchumi kufungua kinywa. Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakipoa huganda, na ndiyo maana bomba la kwenda Chongoleani limefungwa kizuia joto na kuwekewa mfumo wa kulipasha, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 hivi. Nta hiyo inayowasumbua wa bomba itawasumbua na wa lami. Lami nzuri hutokana na mafuta mazito yenye asfalteni na resini (sehemu nzito zinazonata) za kutosha, kama yale ya Venezuela, ilhali lami yenye nta hulainika juani na kupasuka kwenye baridi. Barabara ya Kibaha saa nane mchana haitaivumilia. Kwa hiyo wazo la lami liwekeni kando, labda kiwanda kinunue mafuta ghafi mengine kutoka baharini, na hapo sababu ya kujenga Tanga inaanza kuyeyuka.

Lakini upande wa pili wa jambo hilo hilo ni habari njema, na nashangaa HesabuYaPipa hakuigusa. Masalio ya mafuta yenye nta na salfa kidogo ni chakula kizuri cha mtambo wa kuvunja kwa kichocheo, ule ambao kichocheo chake ni unga laini unaotiririka kama maji na ambao ulianza kazi kibiashara Marekani mwaka 1942. Hautumii haidrojeni, hufanya kazi kwa mgandamizo mdogo, na makaa yanayoganda kwenye kichocheo huchomwa ili kutoa joto la kuuendesha mtambo wenyewe. Ni rahisi kuliko mtambo wa haidrojeni ambao kwa mawazo yangu ndio uliokadiriwa kwa milioni 400. Hasara yake ni kwamba dizeli inayotoka humo ni duni, haiwaki vizuri kwenye injini, na hutoa petroli nyingi kuliko dizeli, wakati malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma yanataka dizeli.

Faida yake kwa nchi yetu iko kwenye gesi. Mtambo huo hutoa kwa wingi propani na butani, ambazo ndizo gesi ya mitungi, pamoja na propilini. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na gesi ya mitungi, ambayo leo inaletwa kwa meli, imo katikati ya mpango huo. Gesi ya mitungi ni ghali kusafirisha kwa sababu inahitaji meli za mgandamizo au za baridi, kwa hiyo anayeitengeneza karibu na mlaji ana nafuu kubwa kuliko anayetengeneza petroli. Kama ningepewa kalamu ya kuchora kiwanda hiki, ningekichora kikiitazama jiko.

Kuhusu plastiki, naomba tuwe wakweli. Kiwanda cha mapipa 20,000 kikitoa asilimia 15 ya nafta ni mapipa 3,000 kwa siku, au takribani tani 120,000 kwa mwaka. Nafta ikipitishwa kwenye tanuri la mvuke la nyuzi 850 hivi hutoa karibu asilimia 30 ya ethilini, gesi ambayo ndiyo malighafi ya plastiki, kwa hiyo mtapata tani 36,000 hivi. Mitambo mipya duniani hujengwa kwa tani milioni moja na zaidi, na kanuni ya kipeo cha 0.6 iliyowatuliza kazini inatumika huku kwa ukali zaidi, kwa sababu baada ya tanuri kuna kupoza gesi hadi chini kabisa ya sifuri ili kuzitenganisha. Zaidi ya hayo, wazalishaji wa Ghuba wanaotumia gesi ya ethani hupata karibu asilimia 80 ya ethilini kutoka kwenye malighafi yao. Huwezi kushindana nao kwa nafta ya kuokoteza. Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay nayo isiwadanganye, kwa maana ni methani karibu yote. Hiyo ni malighafi ya mbolea na methanoli, si ya plastiki.

Tanuri la Zamani

Binti yangu wa Sinza amesema vyema, na kwa mtambo wa kichocheo nakubaliana naye, ingawa aongeze kwamba mashine inayosukuma hewa kuchoma yale makaa ikizimika, kiwanda kizima kinazimika nayo. Umeme wa gridi pekee hauwezi kutegemewa kwa kazi hiyo.

Namjibu HesabuYaPipa jambo moja. Hesabu yake imechukua siku 340 za kazi kana kwamba zimeandikwa na Mungu. Kiwanda cha mapipa 20,000 chenye mnara mmoja na tanuri moja hakina pa kukimbilia: kikisimama, kimesimama chote, na wakati huo mishahara, riba na walinzi wanaendelea kulipwa. Kikifanya kazi siku 280 badala ya 340, zile dola 68,000 za kila siku zimepotea mara sitini, zaidi ya milioni 4, na hapo hujahesabu faida ya mnara wenyewe. Kwa hiyo utunzaji haupaswi kuwekwa kwenye safu ya akiba ya nishati. Ni sehemu ya mapato.

Na wewe MpimaMatangi usiidharau kazi yako. Petroli inayotakiwa oktani 93 (kipimo cha ubora wake kwenye injini) ikitoka na 95, mmewapa wateja oktani mbili bure kila siku. Dizeli iliyoshuka na kuchanganyika na masalio kwa sababu mvuke wa kuipandisha haukutosha chini ya mnara inauzwa kwa bei ya mafuta mazito. Mafuta machafu yanayorudishwa kusafishwa upya yanalipiwa moto mara mbili. Vyote hivyo hugunduliwa na mtu wa vipimo, akiwa na sampuli nzuri na tangi lililopimwa kwa uaminifu, na kuvirekebisha hakuhitaji mtambo mpya.

HesabuYaPipa

Nakubali siku 340 nilizitoa kwa urahisi, na nakubali kwamba mtambo wa kichocheo ungeshusha ile milioni 400. Usingeishusha kiasi cha kubadilisha jibu kwa mapipa 20,000.

Kinga ya kweli ya kiwanda kama hiki, kama ipo, ni nauli ya meli. Mafuta ghafi yatakayopakiwa Chongoleani yatamlipa muuzaji bei ya soko la mbali ukitoa nauli ya kuyafikisha huko, ilhali bidhaa zinazouzwa Dar es Salaam hukadiriwa kwa bei ya soko la Ghuba ya Uarabuni ukiongeza nauli ya kuzileta huku, na ndivyo EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inavyokokotoa bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi. Anayesafisha Tanga anasimama katikati ya nauli hizo mbili. Ila uagizaji wa pamoja umeleta meli kubwa na umepunguza nauli ya bidhaa kwa lita, jambo jema kwa mlaji linalopunguza kinga hiyo, na Uganda nayo imepanga kiwanda cha mapipa 60,000 kule Kabaale ambacho kitaitazama Mwanza na Kagera kabla ya mtu wa Tanga kufika huko na lori.

Kwa hiyo MpimaMatangi, ukitaka kuendelea na hesabu hii na wenzako, msianze na tanuri wala masalio. Tafuteni tofauti kati ya bei ya pipa la mafuta ghafi likiwa Chongoleani na bei ya wastani ya bidhaa zote zitakazotoka kwenye pipa hilo, mafuta mazito yakiwemo, zikiwa ghalani Tanga na Dar es Salaam. Tofauti hiyo isipofikia gharama ya kuendesha mnara wa kawaida bila mtambo wowote wa kuvunja, hakuna kibadilisha joto kitakachoiziba. Ikizidi, rudini na takwimu zenu hapa, kisha Mzee na Dada Mkemia wawapangie mtambo.

MpimaMatangi (Kigamboni)

Nimeelewa. Bei za bidhaa ninazo kwa miezi ya nyuma kwa sababu ya kazi yangu. Nitaanza na uwiano wa bidhaa ambao mnara wa kawaida ungetoa kwenye mafuta yenye nta, na hapo nitamwomba Dada Mkemia anisaidie asilimia za nafta, mafuta ya ndege, dizeli na masalio kabla sijaweka chochote kwenye jedwali.

Mkemia wa Sinza

Nitakuandalia. Uwe tayari kuona masalio yanazidi ile asilimia 40 ya HesabuYaPipa, kwa sababu sehemu kubwa ya nta haipandi mnarani.